Bushi Kwanza, Shokapu Baadaye

Msikilizaji, Aprili na Mei, masika yanapokolea, gereji za Arusha hujaa Land Cruiser za kubeba watalii. Wageni wamepungua, njia za mbugani ni tope, na gari linapata nafasi ya kutibiwa. Kinachoniuma ni tiba yenyewe. Dereva analalamika kwamba gari linagonga na kuyumba, anajibiwa shokapu zimekufa. Zinafungwa mbili mpya, analipa, anaondoka. Haupiti mwezi mlio umerudi.

Wiki iliyopita niliingia na fundi mmoja mzee chini ya gari la namna hiyo. Alichomeka mtaimbo penye mkono unaoshika ekseli ya mbele, akausukuma taratibu. Chuma kikacheza kwa upana wa kidole. Bushi, ile raba ya kwenye kiungo cha mkono huo, ilikuwa imechanika, imebaki makombo meusi. Shokapu zilikuwa bado na rangi ya dukani, lakini moja ilishaanza kuvuja.

Shokapu hutuliza springi kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, na kila mtikisiko hugeuka joto. Kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, barabara ya changarawe imejikunja kama bati, saa nzima mafuta hayapumziki. Yakipata moto sana yanatoa povu, na shokapu haishiki tena. Bushi zikiwa zimekwisha, chuma kinagonga chuma, na shokapu mpya inabebeshwa mtikisiko ambao raba ingeumeza.

Hata bushi mpya huuawa siku ya kufungwa. Gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, bolti zinakazwa hadi mwisho. Bushi nyingi za mikono ya mbele raba yake imegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani. Likishushwa, raba inajisokota na kubaki hivyo siku zote, mpaka ichanike. Fundi yule alizikaza kidogo tu, akalishusha gari likasimama kwa uzito wake, ndipo akamaliza. Hilo halimgharimu mtu hata shilingi.

Nyuma kuna springi za majani. Yubolti zinazozibana kwenye ekseli zikishafunguliwa, nunua mpya, maana za zamani zimeshavutika. Zikaze tena baada ya kilomita 500 hivi.

Zipo pia bushi za kukata kwenye tairi kuukuu. Najua kipuri ni ghali. Lakini kwa gari lenye abiria saba linaloteremka mlima, mimi sizikubali hata kwa siku moja.

Mwenye gari, fundi akikuomba siku mbili badala ya nusu siku, mpe. Nawe dereva, kabla hujalipa, mwambie akuwekee bushi za zamani mezani, uzishike kwa mkono wako.