Kinachokata Springi za Magari Yetu: Mazungumzo kwa Wakazi wa Nuu



Mwenye pikapu anayebeba mbuzi kwenda kuuza Mwingi anaijua bei ya springi. Asichoambiwa dukani ni kwamba springi yake haikumalizwa na safari nzima. Imemalizwa na sehemu chache tu: ukingo wa mto wa mchanga, mashimo, na yale matuta madogo ya mfululizo juu ya changarawe.

Chuma huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ukiukunja kidogo, unavumilia muda mrefu. Ukiukunja sana, unakatika upesi. Katika hesabu moja inayotumiwa sana na wahandisi, mkunjo ukiwa mkubwa mara 2, madhara yake ni mara 16.

Watengenezaji magari hutumia jambo hilo kufupisha majaribio. Hufunga vipimo kwenye gari, huliendesha barabara mbovu na kurekodi kila mtikisiko. Kisha huhesabu mikunjo kwa mbinu iliyobuniwa Japani mwaka 1968, huondoa vipande laini visivyoumiza chuma, na kuunganisha vilivyobaki. Rekodi ndefu hugeuka fupi, nayo hurudiwa usiku na mchana kwenye mtambo unaotikisa gari likiwa limesimama. Kazi hiyo inataka uangalifu. Maungio yasipolainishwa, mtambo utapiga kishindo ambacho barabara haikuwa nacho. Na anayeongeza nguvu kupita kiasi ili amalize mapema atapinda chuma ambacho barabarani kingechoka polepole tu.

Lakini mtambo hurudia barabara iliyorekodiwa, si nyingine. Gari lililojaribiwa kwa mitikisiko ya lami halijapimwa kwa Nuu.

Kenya si mgeni katika vipimo hivi. Kati ya 1971 na 1974, watafiti wa Uingereza walipima ukwaruzo wa barabara zetu za lami na changarawe kwa gurudumu moja lililovutwa nyuma ya gari. Ripoti zao za 1975 zilionyesha jinsi barabara mbovu inavyoongeza gharama ya vipuri na matairi, na hesabu zake zikawa msingi wa mipango ya barabara katika nchi nyingi.

Kwa hiyo, greda ikija na mafuta hayatoshi njia yote, haifai kuanza tu pale ilipoteremshwa. Wazee na madereva wa matatu wanazijua sehemu zenye kishindo. Wazionyeshe hizo kwanza, hasa zile ambazo gari la wagonjwa hulazimika kuzipita usiku.