Kaye ya Makobola: maneno kwa vijana wa Lubondja



Wengi munanijua: ni yule wa lisanse ya historia ambaye bado anapalilia mihogo ya mama yake. Wakati niko nao mwingi, basi nasoma. Mwaka huu nimesoma watu waliopona mauaji ya Wayahudi. Primo Levi alirudi kutoka Auschwitz, akaandika, nyumba kubwa ya vitabu ikakataa. Kitabu kilitoka 1947 kwingine, nakala 2,500 tu. Elie Wiesel yeye alinyamaza karibu miaka kumi.

Kilichonishika zaidi ni filamu ya Claude Lanzmann, Shoah, ya 1985. Inapita saa tisa! Niliiangalia kwa vipande, kufuatana na moto wa telefone. Hamna picha za zamani ndani, ni watu tu wanasema. Kuna kinyozi, Abraham Bomba, aliyelazimishwa kule Treblinka kukata nywele za wanawake kabla ya kuuawa. Anasimulia huku anamkata mtu nywele. Anafika mahali, sauti inakwama. Lanzmann anamuomba aendelee.

Nikawaza bibi yangu. Alikuwa Makobola tarehe 30 Desemba 1998. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka 2010, inasema waliouawa kule na vijiji vya jirani walipita 800, mikononi mwa askari wa RCD na wenzao wa Rwanda na Burundi. Miaka yote hii bibi anatusimulia mpaka kwenye mlango wa jirani yake, halafu anauliza kama sombe imeiva. Mimi sijamuomba aendelee. Sijui kama niko na haki hiyo.

Tunaanza juma hili: kaye, biki, telefone ya kushika sauti. Asiyetaka kusema, tunamuachia.

Na tuseme wazi, hata kama kuna watakaonuna. Septemba 1996 Banyamulenge waliuawa Baraka na Lueba. Wauaji hawakuwa wageni: walikuwamo vijana wenye silaha wa hapa kwetu, pamoja na askari wa Mobutu. Ripoti ile ile imeandika. Ndugu mmoja aliniambia, "Ile uiache, si yetu." Ndugu yangu, ni yetu. Kama kaye ni ya machozi ya upande mmoja, biki yangu naiweka chini.

Jana nilimuonyesha bibi ile kaye. Akageuza kurasa, akaniuliza: "Na watoto, utawaandika namna gani? Wengine walikuwa hawajapewa jina."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nyuma ya soko.