Sungura Anayezaa Apewe Protini Kiasi Gani?

(Maelezo yaliyotolewa kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia vinavyofuga sungura)



Nimeombwa niongee juu ya protini. Lakini kwanza wacha niseme kile nilichoona. Nimezunguka vibanda vya vikundi vitatu na kila mahali habari ni ile ile. Sungura anapandwa vizuri, anabeba mimba siku 31, anazaa watoto 7 au 8 wazima. Wiki ya kwanza hakuna shida. Wiki ya tatu watoto wanaanza kukonda, mmoja baada ya mwingine, na siku ya kuachishwa kunyonya wamebaki 3. Wengine wanasema ni baridi. Wengine wamebadilisha dume, na dume mpya akaleta watoto wanaokufa vile vile. Mimi niliinama nikaangalia ndani ya kihori: nepia iliyokomaa na maganda ya ndizi. Basi.

Sasa sikilizeni. Maziwa ya sungura si kama ya ng'ombe. Ya ng'ombe yana protini asilimia 3 na kidogo. Ya sungura yana kama asilimia 12. Ndiyo sababu mama ananyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, na mtoto aliyezaliwa na gramu 50 au 60 anafika maradufu kabla wiki haijaisha. Mama mwenye watoto wengi, maziwa yakifika kilele karibu na siku ya 20, anaweza kutoa gramu 200 kwa siku. Pigeni hesabu: hizo ni gramu 24 za protini zinazotoka mwilini mwake kila siku. Zitatoka wapi kama kwenye kihori hazimo? Zitatoka kwenye nyama ya mgongo wake, na zikiisha hapo maziwa yanapungua. Watoto hufa wiki ya tatu na si ya kwanza kwa sababu mama alikuwa na akiba kidogo ya kuanzia.

Kwa hivyo mtu akiniuliza, "Mwalimu, sungura anataka protini asilimia ngapi?" mimi namwuliza, "Sungura gani, na anafanya kazi gani?" Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilitoa vipimo mwaka 1977 ambavyo wafugaji wengi wameanzia hapo. Sungura aliyekaa tu, asilimia 12. Mwenye mimba, 15. Anayekua, 16. Anayenyonyesha, 17. Hizi ni asilimia za chakula kikavu, si majani mabichi, na hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Nitarudi kwa hilo.

Mambo haya mengi yalijulikana kwanza kwa panya, msicheke. Wanasayansi hufuga panya kwa makundi makubwa, na kwa sababu panya huzaa upesi, kosa la chakula linaonekana kwa wiki chache tu. Mwaka 1914 wataalamu wawili wa Connecticut huko Marekani, Osborne na Mendel, walilisha panya wachanga zeini, yaani protini ya mahindi, bila protini nyingine. Panya hawakukua, walikonda. Walipoongezewa sehemu moja ndogo ya protini inayoitwa triptofani, waliacha kukonda lakini hawakukua. Walipoongezewa na nyingine, laisini, ndipo wakakua. Kwa hivyo kuna swali la ngapi na kuna swali la gani. Mahindi yana protini, lakini ni protini yenye pengo. Ukiziba pengo kwa majani ya jamii ya maharagwe au kwa soya, panya anakua, sungura naye anakua.

Sungura ana bahati moja panya hana kwa kiasi hicho. Hutoa kinyesi laini na kukila moja kwa moja kutoka mwilini. Watoto wakiona hudhani mama ni mgonjwa, kumbe anarudisha protini iliyotengenezwa na vijidudu vya tumbo lake. Msimzuie. Lakini kwa mama anayenyonyesha msaada huo hautoshi.

Turudi kwa majani mabichi. Majani ya viazi vitamu yakikaushwa kabisa yana protini kama asilimia 18. Mtu akisikia hivyo anasema, "Basi, kazi imekwisha." Hapana. Kilo moja ya majani mabichi ni maji gramu 850 hivi. Yanayobaki ni gramu 150 za chakula, na ndani yake protini gramu 27. Mama anayenyonyesha watoto 8 anahitaji gramu kama 60 kwa siku, kwa hivyo angekula zaidi ya kilo 2 za majani hayo. Tumbo lake halina nafasi hiyo. Asilimia ni sawa, lakini debe ni kubwa kuliko tumbo. Dawa yake ni kuyanyausha kivulini tangu jana yake, kisha kumwongezea chakula kikavu chenye nguvu kidogo kidogo.

Chakula hicho tunaweza kukichanganya wenyewe. Hesabu ni ya darasa la tano, wala haihitaji mtaalamu. Pumba za ngano zina kama gramu 160 za protini kwa kilo. Mahindi yaliyosagwa, 90. Mashudu ya alizeti, 280, ingawa mashudu yenye maganda mengi hushuka sana chini ya hapo, kwa hivyo angalieni kabla ya kununua. Chukua pumba kilo 10, mahindi kilo 5, mashudu kilo 5. Pumba zinakupa gramu 1,600. Mahindi 450. Mashudu 1,400. Jumla ni 3,450 ndani ya kilo 20. Gawa: gramu 172 kwa kilo moja, yaani asilimia 17 na kidogo. Tumefika. Weka chumvi kidogo na madini ya mifugo. Ukitaka asilimia 15 ya wenye mimba, punguza mashudu, ongeza mahindi, upige hesabu tena.

Pimeni kwa mizani, tafadhali, si kwa gorogoro. Gorogoro ya pumba na gorogoro ya mahindi hazilingani uzito hata kidogo. Na mkitumia soya, ikaangwe kwanza, kwa sababu soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Mahindi yenye ukungu msiyaweke, hata kama ni kidogo, hata kama ni ya bure.

Mama mmoja pale nyuma aliniuliza jana, kama 17 ni nzuri, kwa nini tusiweke 22? Nitawajibu kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa na majike 9. Niliona chakula cha vifaranga vya kuku wa nyama kina protini nyingi kuliko cha sungura, nikanunua magunia mawili nikajiona mjanja. Kibanda kilianza kunuka mkojo hadi macho yakawasha, kwa sababu protini iliyozidi haiendi kwenye nyama, inatoka kwa mkojo. Sungura wakaanza kupiga chafya. Kisha wale walioachishwa kunyonya wakaharisha, na nikazika 31 kwa siku 12. Kilichowaua hasa ni ukosefu wa nyuzinyuzi. Tumbo la sungura bila nyasi ngumu linasimama na kuoza ndani. Baadaye nikaambiwa pia kwamba chakula cha kuku huwa na dawa nyingine ambazo ni sumu kwa sungura. Nilikuwa nimelipa pesa zaidi ili niue. Kwa hivyo nyasi kavu iwe kwenye kihori mchana na usiku, hata kwa yule mama wa asilimia 17.

Najua vikundi vingi haviwezi kuweka magunia manne ya aina nne. Mimi kwa maoni yangu, changanyeni moja tu, ya asilimia 16 au 17, halafu mcheze na kiasi. Anayenyonyesha apewe mpaka aache mwenyewe. Mwenye mimba apewe kwa kipimo, na aongezewe siku 10 za mwisho. Jike aliyepumzika na dume wapewe kidogo sana, nyasi ziwe nyingi. Jike mnene hashiki mimba, na dume mnene analala tu. Na maji! Mama anayenyonyesha anaweza kunywa lita moja kwa siku au zaidi. Akikosa maji hali, na asipokula hesabu yetu yote hapa ni bure.

Mtajuaje kama mmechagua vizuri? Msiangalie gunia, lile limeandikwa na muuzaji. Pimeni watoto wote wa kiota pamoja siku ya 21. Mpaka siku hiyo wamekula karibu maziwa peke yake, kwa hivyo uzito wao ni uzito wa maziwa ya mama. Kwa sungura wakubwa weupe, kila mtoto awe karibu gramu 300 au zaidi. Gawa uzito wote kwa idadi, andika kwenye daftari. Halafu pitisha mkono mgongoni mwa mama. Kama mifupa inachoma kama msumeno, ameanza kujila mwenyewe: ongeza chakula, na usimpandishe tena mpaka arudishe mwili. Kama watoto ni wazuri na mgongo ni laini, usibadilishe kitu, hata jirani akikuambia ana unga mpya.

Kuna kiota kimoja hapa kinafika siku 21 leo, watoto 6. Mizani iko juu ya meza. Katibu achukue daftari, twende kibandani tupime.