MTOTO MWENYE DEGEDEGE NA SINDANO YA MGONGONI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama tawini)



Mtoto apatapo homa kali akakakamaa na macho yakapinduka, sisi watu wa visiwani husema: degedege. Tumerithi kwa wazee kwamba ni pepo apitaye kwa sura ya ndege, na kwamba mtoto huyo hufukizwa wala hapigwi sindano, kwani sindano itamuua. Zamani homa nyingi za namna hii zilikuwa malaria. Lakini malaria imepungua sana Unguja na Pemba tangu miaka ya 2000. Basi mtoto akipimwa damu asionekane nayo, tusirudi nyumbani tumetua moyo. Huenda bakteria wameingia katika utando unaofunika ubongo. Mtoto mkubwa hukaza shingo, hutapika, huchukia mwangaza. Mchanga huenda asikaze shingo kabisa, bali hukataa ziwa na utosi wake huvimba.

Hapo daktari huomba kutoa maji kidogo mgongoni. Wengi hukataa, wakisema fulani alidungwa akafa. Nasi twauliza: alifikishwa siku ya ngapi? Sindano hiyo huingia kiunoni, chini ya mahali unapokoma uti wenyewe. Maji ya mtu mzima wa afya ni safi kama ya mvua. Yakiwa na ukungu, adui amejulikana. Dawa hutiwa mshipani, na yafaa ianze upesi hata kabla ya jawabu la maji kutoka.

Sisi wenye maduka tuna letu la kukiri. Usiku mzazi hugonga dirisha, nasi humpa vidonge vya homa na kumwambia asubiri kuche. Wako kati yetu wauzao hata dawa za bakteria, mbili mbili. Hizo haziponyi, tena humfichia daktari akitafutacho katika maji yale.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu sita wapatwao na maradhi haya, mmoja hufa. Na mmoja katika watano hubaki na madhara makubwa. Chuoni tumeyaona: mtoto aliyekuwa mwepesi wa kuhifadhi hazirudishi tena aya, akapigwa kwa uvivu, kumbe hasikii. Atokaye hospitali na apimwe masikio.

Tangu 2009 chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga ya Hib, mmoja wa bakteria hao. Ya nimonia humkinga na mwingine. Mwenye kadi ya mtoto yenye pengo aipeleke kituoni wiki hii.