Kuuzunguka Mgongo wa Manga kwa Miguu

Hapa chini tunachapisha mazungumzo yaliyokusudiwa vijana, walimu na wazazi wa Kisii na Nyamira, na kila mtu apendaye kuijua nchi yake.



Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya kutembea; si kutembea kwa kwenda sokoni wala kazini, bali kutembea kwa kuuzunguka mlima: kupanda upande mmoja, kufuata mgongo wake, kushuka upande wa pili, kuvuka vijito vyake, na kurejea pale ulipoanzia. Mlima wenyewe si wa mbali. Ni Mgongo wa Manga, unaosimama mpakani mwa Kaunti ya Kisii na Kaunti ya Nyamira, na ambao mtu aliye katika mji wa Kisii huuona akiinua macho.

Bila shaka yuko atakayeuliza, "Mimi shamba langu liko mteremkoni. Kila siku napanda na kushuka nikiwa na mzigo kichwani. Ya nini tena nipande mlima kwa kujifurahisha?" Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni hili: mwenye mzigo huangalia mahali pa kuweka mguu, na haraka yake ni kufika. Asiye na mzigo hupata nafasi ya kuangalia maji, yatokako na yaendako. Na habari za maji ndizo zilizonifanya niseme nanyi leo.

NCHI YENYEWE

Nchi ya Wagusii ni nchi ya vilima. Katika Nyamira ardhi huanzia kiasi cha meta 1,250 juu ya usawa wa bahari na kufika kiasi cha meta 2,100. Iko milima ya Kiabonyoru na Nkoora, na upande wa Kisii uko mlima wa Sameta na mingine. Hewa yenye unyevu itokayo Ziwa Victoria hupanda juu ya vilima hivi, hupoa, na kuwa mvua. Ndiyo maana mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na mvua kubwa huja kati ya Machi na Mei. Ndiyo maana pia migomba, chai na mahindi hustawi hapa.

Zamani sehemu hizi mbili zilikuwa wilaya moja. Nyamira ilitengwa na Kisii mwaka 1989 ikawa wilaya ya peke yake, na tangu mwaka 2013 kila moja ni kaunti yenye serikali yake. Lakini mvua inyeshayo Manga haiulizi mpaka uko wapi. Mto Gucha, ambao huku chini huitwa Kuja, huanzia katika nyanda za juu za Kiabonyoru, hupita katika nchi ya Kisii, kisha huingia Migori na kumwaga maji yake Ziwani. Mto Sondu nao hupokea maji ya Nyamira. Kutoka Ziwani maji hutoka kwa njia ya Jinja, yakaifuata Nile kupita Sudan na Misri mpaka baharini. Basi kijito unachoruka kwa hatua moja chini ya Manga ni mwanzo wa safari ndefu kuliko safari yako.

KUPANDA

Yafaa kuanza alfajiri, kwa sababu mbili. Kwanza, asubuhi hewa ni safi na macho huona mbali. Pili, katika nchi hii mawingu hukusanyika mchana, na alasiri huja mvua, mara nyingine ya mawe, pamoja na radi. Radi ya nchi ya Kisii si jambo la mzaha. Imekwisha kuua watu wengi. Mtu akiona wingu jeusi naye yuko juu ya mgongo wa mlima, na ashuke upesi, wala asijifiche chini ya mti uliosimama peke yake.

Vaa viatu vinavyoshika ardhi, chukua fimbo, chakula kidogo, na maji yaliyochemshwa. Mwambie mtu wa nyumbani njia unayokwenda na saa unayotazamia kurudi. Usiende peke yako. Ukiwa mgeni, tafuta kijana au mzee wa mahali pale akuongoze, na umpe haki yake kwa kazi hiyo.

Njia za Manga ni njia za watu. Hupita kando ya nyua, migombani na katikati ya chai. Amkia watu kwa "Bwakire buya", sema unakokwenda, na omba ruhusa kabla ya kukata shamba la mtu. Usikanyage michai, maana hiyo ndiyo karo ya mtoto wa mwenye shamba.

Ukifika juu utakuta mwamba mgumu. Mwamba huu ni mchanga wa zamani za kale mno ulioshikamana ukawa jiwe. Chini yake imo miamba mingine iliyotokana na volkeno za kale, ambayo huoza upesi zaidi, ikawa udongo mwekundu uliomo mashambani. Kwa kuwa jiwe la juu halioi upesi, mgongo umebaki umesimama na ukingo wake ni mkali. Usiusogelee ukingo huo kwa michezo, hasa majani yakiwa na umande.

Kutoka juu utauona mji wa Kisii umelala bondeni. Mji huo ulianzishwa mwaka 1907 kuwa kituo cha serikali ya kikoloni, nao sasa umepanda hata kwenye miteremko. Upande wa magharibi macho huenda mbali kuelekea Ziwani. Huko Manga liko pia shimo liitwalo Ngoro ya Mwaga, ambalo wazee wana masimulizi mengi juu yake. Mahali kama hapo pasiingiwe kama chumba kitupu. Mwulize mzee kwanza, msikilize, halafu fanya kama atakavyokuelekeza.

KUSHUKA KWENYE VIJITO

Sasa twashuka, na hapa ndipo pa kufungua macho. Mvua iliyoanguka juu haikukimbia yote. Nyingine iliingia katika nyufa za mwamba na katika udongo wenye majani na mizizi, ikakaa huko, nayo hutoka polepole chini ya mteremko kwa jina la chemchemi. Kwa hiyo chemchemi ni kama ghala. Ikiwa ardhi ya juu yake imefunikwa na majani na miti, ghala hujaa, na maji hutoka hata Januari na Februari, wakati wa jua. Ikiwa ardhi ya juu ni tupu, mvua huteremka kwa fujo, huchukua udongo, na ghala hubaki bila kitu.

Fuata kijito kutoka chemchemini. Kitaongezeka kwa kukutana na wenzake, na mahali fulani kitafika penye jiwe gumu lililolalia jiwe laini. Hapo maji huanguka. Maporomoko huanza hivyo: maji hulila jiwe laini lililo chini, jiwe gumu la juu hubaki likining'inia, na mwisho huvunjika. Mengine ni madogo, ya kimo cha mtu tu. Mengine ni makubwa na yenye kishindo. Katika Nyamira maporomoko ya Keera yanajulikana sana, nayo yastahili siku yake ya peke yake.

Penye maporomoko yapasa kuwa na adabu. Mawe yenye ukungu wa kijani huteleza kama sabuni. Usiruke ndani ya dimbwi usilojua kina chake. Tena kumbuka kwamba mvua yaweza kunyesha mlimani hali juu yako ni jua. Ukiona maji safi yamegeuka kuwa mekundu ghafula, toka mtoni mara moja, maana mengi yanafuata. Wala usinywe maji ya kijito kwa kuwa yang'aa. Juu yake kuna nyumba, vyoo na ng'ombe. Yachemshe kwanza.

Maji haya yana kazi kubwa mbele yake. Mto Sondu ukifika chini huendesha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, yenye nguvu ya megawati 60. Mto Kuja umeendesha mtambo mdogo wa umeme penye maporomoko ya Gogo, huko Migori, tangu miaka ya 1950. Na mto huo huo, udongo ukishukia ndani yake na mvua ikizidi, hufurika na kuwafukuza watu wa Nyatike katika nyumba zao. Kwa hiyo mkulima wa mlimani na mkulima wa Nyatike ni majirani, ijapokuwa hawajaonana.

MAJI YANAYOPUNGUA

Ndugu zangu, nisifiche jambo. Mtu azungukaye vilima vyetu leo hukuta mabonde yenye jina la kijito lakini maji yake ni haba. Serikali ya Kaunti ya Nyamira yenyewe imeandika katika mpango wake wa maendeleo kwamba maji ya mito yamekuwa yakipungua mwaka hata mwaka, na imetaja sababu: kilimo kisichofaa, na mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito.

Si haki kumlaumu mkulima bila kumsikiliza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 1,260,000, nayo Nyamira zaidi ya 600,000. Katika Kisii wako watu zaidi ya 900 katika kila kilometa moja ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana limegawanywa kwa wajukuu, mpaka fungu la mmoja limefika ukingoni mwa maji. Naye mkaratusi hukua upesi, hutoa kuni, boriti na nguzo, na fedha zake hulipa karo. Mtu aliyeupanda bondeni hakuwa mpumbavu, alitafuta riziki.

Lakini mti huo hunywa maji mengi, na ukiwekwa penye chemchemi hunywa kile ambacho mama na watoto wangalikuja kuteka. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati ule, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iondolewe kando ya mito na chemchemi. Kanuni za maji za mwaka 2006 nazo zilikataza kulima au kujenga karibu na mto kwa upana usiopungua meta 6, na uliweza kufika meta 30, kutoka mahali maji yanapofika wakati wa mafuriko. Amri zipo. Lakini amri haina macho. Wenye macho ni ninyi mpitao pale.

Dawa yake haimwondolei mkulima mkate wake. Mikaratusi na ipandwe juu, penye ardhi kavu na mbali na maji. Kando ya kijito yafaa mianzi, ambayo nayo huuzwa, pamoja na majani ya ng'ombe na miti ya asili iliyokuwapo zamani. Wazee wanaijua kwa majina. Kwenye mteremko lima kwa kukingama, si kwa kuteremka, na acha ukanda wa majani kati ya shamba na shamba.

KAZI YA KUFANYA

Walimu, naomba kila shule iliyo karibu na mlima ichague mzunguko wake mmoja, wa Manga au wa kilima kingine, wenye chemchemi na vijito. Wapelekeni watoto wakubwa mara mbili kwa mwaka kwa njia ile ile: mara moja wakati wa jua, katika Februari, na mara moja baada ya mvua kubwa, katika Juni. Wawe na daftari moja. Waandike jina la kila chemchemi, kama walivyoambiwa na wazee. Muda unaopita mpaka debe lijae. Rangi ya maji. Na miti iliyo pale. Safari nzima haina gharama kubwa ila miguu.

Mwaka wa kwanza daftari hilo halitasema neno kubwa. Mwaka wa tano litasema ni chemchemi gani inakufa na ni ipi imepona, na tangu lini. Ndipo baraza la kijiji litakapokuwa na ushahidi mkononi badala ya maneno ya kugombana, na mwenye shamba ataonyeshwa jambo lenyewe bila kutukanwa. Mtu aonaye mahali mara moja husifu uzuri wake tu. Arudiye pale pale ndiye atambuaye kilichopungua.

Nanyi vijana mlioko Nairobi, Mombasa au ng'ambo, mnaporudi nyumbani likizoni msikae mjini siku zote. Mchukueni mzee mwenye nguvu au mdogo wenu, mpande Manga asubuhi moja, mshuke kwa upande wa pili, mkafuate maji. Yasemwa haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hicho, ndugu zangu, hutoboka pia kwa haba na haba.