Mchezaji Asiachiwe Peke Yake Uamuzi wa Kujitoa: Joto Kali katika Tenisi na Viwanja vya Jinja na Mbale

Mada iliyotolewa kwenye semina ya makocha, waamuzi na wahudumu wa afya ya michezo, Mbale



Nimeombwa nizungumzie joto na wachezaji wanaojitoa katikati ya mechi. Habari nyingi za jambo hili zinatoka Melbourne na Shanghai, na huko tutafika. Naomba tuanzie Kololo, Kampala, maana mwanamichezo ambaye wengi wetu tulimwona akiishiwa nguvu mchana kweupe hakuwa mcheza tenisi, na alishuka kutoka mlima huu huu wa Elgon unaotutazama.

Tarehe 26 Machi 2017, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, akiwa na miaka 20, aliwaacha wenzake wote akabaki peke yake mbele. Umati ulikuwa umekwisha kushangilia dhahabu. Mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea. Akapitwa na mmoja, na wa pili, kisha wakawa kundi. Akamaliza wa 30, na Geoffrey Kamworor wa Kenya akashinda. Wapo wanaosema kasi ndiyo iliyomponza, wapo wanaosema jua. Mimi naona havitenganishiki: joto la mwili la mkimbiaji linatoka kwenye misuli yake mwenyewe, na kadiri anavyokimbia kasi ndivyo anavyojichoma. Miaka miwili baadaye, Aarhus, Denmark, alishinda mbio hizo hizo. Basi tukasamehe yote, na hakuna aliyeuliza kama siku ile ya Kololo palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuingia njiani na kumwambia, kijana, inatosha.

Swali hilo lilirudi Bathurst, Australia, Februari 2023. Letesenbet Gidey wa Ethiopia alianguka hatua chache kabla ya utepe, kwenye joto kali. Akasaidiwa kuinuka, na kwa sababu ya kusaidiwa akaondolewa kwenye matokeo. Tazameni kanuni ilivyokaa: ukianguka ni shauri lako, na atakayekushika mkono anakupotezea nafasi. Kanuni ya namna hiyo ilitungwa ili kuzuia udanganyifu, na haikumfikiria mtu anayeungua kwa ndani.

Tenisi ina ugumu wa ziada. Mechi haina saa. Mchezaji wa mpira wa miguu anajua kuna dakika 90, mkimbiaji anajua umbali, lakini anayeshika raketi hajui kama atakaa juani saa moja au tatu. Hana wa kumpokea kutoka benchi. Akibadilishana upande na mwenzake anapata sekunde 90 za kukaa, na kati ya pointi na pointi ana sekunde 25. Akibanwa na mkakamao wa misuli, kanuni haimpi muda maalumu wa matibabu. Atakandwa wakati wa kubadilishana upande tu. Hivyo ndivyo Jannik Sinner, bingwa mtetezi wa Shanghai, alivyojikuta Oktoba 2025 akichechemea katika seti ya tatu dhidi ya Tallon Griekspoor, hadi akajitoa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Melbourne, Januari 2014. Siku nne mfululizo joto lilipita nyuzi 40. Frank Dancevic wa Kanada alizimia uwanjani katika seti ya pili. Kabla ya kuanguka, alisimulia baadaye, alimwona Snoopy, yule mbwa wa katuni. Alipozinduka aliendelea kucheza, akamaliza mechi, akashindwa. Wengi humsifu kwa moyo wake. Mimi nauliza: mtu ambaye dakika chache zilizopita ameona mbwa wa katuni juu ya kiwanja cha tenisi, ni nani anamkabidhi uamuzi wa kama aendelee?

Hapo ndipo hoja yangu ya leo ilipo. Kwa miaka mingi tenisi imemwachia mchezaji uamuzi wa kujitoa kana kwamba ni suala la ujasiri, wakati ubongo uliochemka ndio unaoharibika kwanza. Kati ya nguvu zote anazotumia mchezaji, takriban robo tatu hugeuka joto. Joto hilo lazima damu ilipeleke kwenye ngozi, na damu hiyo hiyo inatakiwa na misuli na ubongo. Jasho linapoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka chini, umepoteza maji bure. Joto la ndani likivuka nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya kuua. Na jasho lisiwadanganye: mchezaji aliyefika hatua hiyo anaweza kuwa bado analowa chapachapa.

Sasa viwanja vyetu. Jinja na Mbale ziko karibu sawa kwa mwinuko, mita elfu moja na mia moja na ushee, lakini joto lake si moja. Jinja kuna ziwa na mto, hewa imebeba unyevu, jasho halikauki. Mbale, Januari na Februari, upepo ni mkavu. Jasho linakauka haraka kiasi kwamba kijana hajui kama ametokwa na maji, na chupa yake inabaki imejaa. Kote kuwili kiwanja cha saruji hunyonya jua tangu asubuhi na kulirudisha kupitia nyayo. Na tusisahau saa: kwa sababu tunatumia saa za Afrika Mashariki huku tuko magharibi ya mstari wake, jua la Februari linafika utosini saa saba, si saa sita. Yule anayepanga mechi ya saa saba akidhani kilele kimepita amepanga kwenye kilele chenyewe, na hewa itazidi kupata moto hadi saa tisa.

Ndiyo maana kusoma nyuzi joto kwenye simu hakutoshi. Kipimo kinachotumika michezoni hujulikana kwa herufi WBGT. Sehemu saba katika kumi za kipimo hicho hutokana na kipimajoto chenye utambi uliolowa, kinachoonyesha athari ya unyevu. Sehemu mbili na tufe jeusi linalowekwa juani. Sehemu moja tu na hewa yenyewe. Chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, ATP, baada ya yaliyotokea Shanghai, kimeweka kanuni ianze kutumika msimu wa 2026: kipimo kikifika nyuzi 30.1, mchezaji yeyote kati ya wawili anaweza kuomba mapumziko ya dakika 10 baada ya seti ya pili; kikipita 32.2, mchezo unasimama. Wanawake walikuwa na kanuni yao ya joto tangu 1992. Wanaume wamechelewa miaka zaidi ya thelathini, na sidhani kama sababu ni sayansi. Melbourne nao, tangu 2019, wana ngazi ya moja hadi tano, na ikifika tano mechi zinasimama, mchezaji apende asipende. Neno hilo, apende asipende, ndilo ningependa tulibebe kutoka huko, hata kama vifaa vyao hatuna.

Maana huku kwetu hali ni hii. Kwenye mashindano ya vijana, mechi nyingi hazina mwamuzi wa kiti. Watoto huhesabu pointi wenyewe, na mwamuzi mmoja huzunguka viwanja vitatu au vinne. Niliwahi kuona, mwezi wa Februari, ugomvi wa pointi katika seti ya tatu: mmoja anasema thelathini kwa kumi na tano, mwenzake anasema kumi na tano kwa arobaini. Mwamuzi akaja, akamkaripia wa kwanza kwamba anaiba pointi. Kijana hakubisha. Akaenda kuanzisha mpira, akasimama upande usio wake. Akaelekezwa, akavuka, akarusha mpira juu na kuuacha uanguke bila kuupiga. Hapo tu ndipo mtu alipokimbilia kivuli na ndoo. Alipona, namshukuru Mungu. Dalili ya kwanza ilikuwa ule ugomvi, nasi tuliusoma kama utovu wa adabu.

Kwa hiyo nawaomba waamuzi mliopo hapa: mchezaji mwaminifu anapoanza kukosea hesabu, kukasirika bila sababu, kupepesuka au kusimama pasipo mahali pake, simamisheni mechi kwanza, suluhisheni pointi baadaye. Mtoto hatawaomba. Tuko Bugisu, mahali ambapo kijana wa imbalu, yaani tohara ya jadi, hufundishwa kutopepesa jicho, na makocha wengine hupenda kulitaja hilo pembeni ya kiwanja. Nawakumbusha kwamba imbalu ni dakika chache, na kijana huwa amezungukwa na watu wazima ambao kazi yao ni kujua lini imekwisha.

Kuhusu tiba nitasema kwa ufupi, wahudumu wa afya watanisahihisha. Akianguka akiwa amechanganyikiwa na mwili unawaka, mpozeni kwanza, safari ya hospitali ifuate. Boda boda ya kumkimbiza huku bado anawaka inapoteza nusu saa ambayo ndiyo yenye thamani. Mlalisheni kwenye turubai, watu wanne washike pembe, mimineni maji na barafu, mlitikise ili maji yamzunguke, kichwa kikiwa juu. Jinja barafu ipo. Pale Masese inatumika kwa samaki kila siku. Mbale ni kazi zaidi, lakini mifuko ya maji iliyogandishwa kwenye friji ya duka inafaa, na pasipo barafu maji ya kawaida ya bomba bado yanapoza kuliko kumpepea kwa taulo. Kipimajoto cha kwapani kitawaambia uongo. Panadol haisaidii joto la namna hii.

Nawaomba pia tusikimbilie dripu. Hospitali ya rufaa ya hapa Mbale ilikuwa mojawapo ya hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, uliohusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko. Waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa zaidi kuliko ambao hawakupewa. Wale walikuwa wagonjwa wa maambukizi, si wanamichezo, na silinganishi magonjwa. Nasema tu kwamba mji huu una sababu yake ya kutoiona dripu kama baraka ya kila mgonjwa. Hata kunywa kuna kipimo: anayemwaga lita za maji matupu tumboni bila chumvi anaweza kuishusha chumvi ya damu hadi akachanganyikiwa vilevile. Na kwa wale wakubwa wa mashindano ya klabu, pombe ya malwa ya Ijumaa usiku mtaiona Jumamosi saa saba.

Mwili hujifunza joto kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi ndani yake: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema na kupungua chumvi. Mchezaji anayeishi juu kwenye baridi ya Kapchorwa, au mwanafunzi aliyetoka likizo ya kukaa ndani, hawezi kushushwa Alhamisi na kucheza mechi tatu Jumamosi.

Nafika kwenye jambo litakalotugombanisha, yaani ratiba. Tunacheza mchana kwa sababu hatuna taa, na kwa sababu mashindano lazima yaishe wikiendi moja. Mzazi wa Soroti au Tororo hawezi kulipia kulala mara mbili. Mimi pia nimewahi kulipia. Lakini kati ya saa tano na saa tisa, Januari hadi Machi, mechi za vijana zisichezwe. Saa hizo nne zitafidiwa vipi? Tupunguze droo kutoka wachezaji 32 hadi 16, na seti ya tatu tuifute, mahali pake pawe pambano la pointi 10, jambo ambalo tayari limezoeleka katika mashindano mengi ya vijana. Fainali peke yake ibaki na seti tatu kamili. Wengine wamependekeza ichezwe Jumapili saa moja asubuhi. Kwa wengi hiyo ni saa ya ibada, na uwanja utakuwa mtupu. Napendekeza Jumapili saa kumi jioni, ambapo kivuli cha miti kimekwisha kuingia uwanjani, na giza la saa moja litawapa saa tatu za kumalizana.