Jiwe na Jina Lake



Mama mmoja wa kanisa letu alitujia akilia. Yeye na mumewe wametupa ruhusa tuwasimulie habari hii. Alikuwa amepeleka pete yake ya uchumba kwa sonara aiuze, apate karo ya mtoto. Kwa miaka kumi na miwili aliamini ya kuwa jiwe lile ni almasi, maana ndivyo mumewe alivyomwambia siku alipomvika.

Sonara alilipulizia pumzi. Almasi hupitisha joto upesi mno, hata ukungu wa pumzi hutoweka mara moja. Juu ya jiwe hili ukungu ulikawia. Kisha akatazama kingo zake kwa kioo cha kukuzia, akaona zimelika. "Mama," akamwambia, "hii ni zirkonia."

Zirkonia hiyo hutengenezwa na watu kiwandani, nayo imeuzwa kama kito tangu mwaka 1976. Kwa ukubwa ule ule ni nzito kuliko almasi, na cheche za rangi zake huzishinda hata zile za almasi. Kwa hiyo tusidhani ya kwamba mng'ao ndio ushahidi. Jiwe la kuigiza laweza kung'aa zaidi.

Lakini mama yule hakulilia jiwe. "Mchungaji," alisema, "angaliniambia ni la bei nafuu, ningalilipenda vivyo hivyo. Sasa najiuliza, ni mangapi mengine aliyoniambia?"

Zirkonia iliyouzwa kwa jina lake haimdhulumu mtu. Uongo haukuwamo ndani ya jiwe, ulikuwamo kinywani.

Tulimwita mume. Aliinamisha kichwa, akakiri kwamba aliuonea haya umaskini wake. Karo ilipatikana kwa njia nyingine. Imani ya mke ilichukua muda mrefu zaidi kurudi, lakini ilianza kurudi siku ile ile ya kukiri. Pete angali anaivaa.

Nasi je, wapendwa? Jumapili sote tunang'aa. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, aifananisha imani na dhahabu ipitayo motoni. Moto wetu huwa nyumbani, siku za kazi, mifuko ikiwa mitupu. Ikiwa tumemvika mwenzetu neno lisilo kweli, twende leo tukaliite kwa jina lake.

Tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli, kwanza nyumbani mwetu. Amina.